Mafunzo kazini katika sekondari ya juu ya Ufilipino

Mafunzo kazini katika sekondari ya juu ya Ufilipino ni sehemu ya mtaala wa darasa la 12 nchini Ufilipino. Kwa njia yake mwanafunzi hutoka darasani na kukaa katika mahali halisi pa kazi kwa muda wa saa 80 hadi 320. Jina lake rasmi kwa Kiingereza ni *Work Immersion*. Kanuni zake kuu zimo katika Agizo namba 30 la mwaka 2017 la Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, ambayo kwa kawaida huitwa DepEd.

Wanafunzi wanaohusika huwa na umri wa miaka 16 hadi 18 hivi, na wengi wao bado ni watoto mbele ya sheria. Kwa sababu hiyo mafunzo hayaanzi siku ya kuripoti kazini. Hutanguliwa na kipindi cha maandalizi shuleni, ambamo mwanafunzi hujifunza jinsi ya kuomba nafasi, kuishi vizuri na watu kazini, kujikinga na ajali, kutunza siri za ofisi na kujua haki zake. Maandalizi hayo yana makusudi mawili: kumfanya kijana afae kazini, na kumlinda asigeuzwe kuwa kibarua asiyelipwa.

## Historia

Hadi mwanzoni mwa karne ya 21 elimu ya msingi na sekondari ya Ufilipino ilikuwa ya miaka 10: miaka 6 ya shule ya msingi na miaka 4 ya sekondari. Mwanafunzi aliweza kumaliza sekondari akiwa na umri wa miaka 16. Hapo alikuwa mdogo mno kuajiriwa kihalali katika kazi nyingi au kutia saini mkataba, kwa kuwa umri wa utu uzima kisheria nchini humo ni miaka 18. Pia Wafilipino waliokwenda kufanya kazi nje ya nchi walikuta mara nyingine kwamba vyeti vyao havikubaliwi kuwa sawa na vya nchi zenye miaka 12 ya shule.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwaka 2012 elimu ya chekechea ilifanywa ya lazima. Tarehe 15 Mei 2013 Rais Benigno Aquino III alitia saini Sheria namba 10533, inayoitwa Sheria ya Elimu ya Msingi Iliyoboreshwa. Sheria hiyo iliongeza miaka 2 ya sekondari ya juu, yaani darasa la 11 na la 12. Wanafunzi wa kwanza waliingia darasa la 11 mwezi Juni 2016 na kuhitimu darasa la 12 mwaka 2018.

Sheria hiyo ilipingwa na baadhi ya walimu, wazazi na wanaharakati, wakisema kwamba inaongeza gharama kwa familia maskini na inahatarisha ajira za walimu wa vyuo. Kesi zilifika Mahakama Kuu ya nchi, ambayo mnamo Oktoba 2018 iliamua kwamba sheria hiyo haivunji katiba.

Ahadi mojawapo ya mfumo mpya ilikuwa kwamba mhitimu wa darasa la 12 ataweza kuchagua kati ya chuo kikuu, mafunzo zaidi ya ufundi, biashara yake mwenyewe au ajira. Mafunzo kazini yaliwekwa ili ahadi hiyo isibaki kwenye karatasi. Agizo la mwaka 2017 lilitolewa mwezi Juni, wakati kundi la kwanza lilipokuwa linaingia darasa la 12.

## Mikondo na mahali pa kazi

Katika mpangilio ulioanza mwaka 2016, sekondari ya juu iligawanywa katika mikondo minne: mkondo wa kitaaluma, mkondo wa ufundi na stadi za maisha, mkondo wa michezo, na mkondo wa sanaa na ubunifu. Mkondo wa kitaaluma una tahasusi zake, kama vile biashara na uhasibu, sayansi na hisabati, na sayansi za jamii. Mkondo wa ufundi unagusa kilimo na uvuvi, sayansi kimu, ufundi wa viwandani na teknolojia ya habari.

Mahali pa mafunzo hutegemea mkondo. Mwanafunzi wa upishi au uokaji wa mikate hupelekwa hotelini, mgahawani au kwenye kiwanda cha mikate. Anayesoma uchomeleaji wa vyuma, umeme wa majumbani au ufundi wa magari huenda karakana au gereji. Wa biashara na uhasibu huenda benki, chama cha ushirika au ofisi ya hesabu. Wa sayansi za jamii mara nyingi hupokewa katika ofisi za manispaa, shule, maktaba au ofisi ya *barangay*, ambayo ni ngazi ya chini kabisa ya serikali, karibu sawa na serikali ya mtaa au ya kijiji katika Afrika Mashariki.

Katika mkondo wa kitaaluma mtaala ulitoa pia nafasi ya utafiti au kazi nyingine ya mwisho badala ya kwenda kazini. Katika mkondo wa ufundi mafunzo kazini ndiyo kilele cha masomo, na mwanafunzi anaweza pia kupimwa na mamlaka ya ufundi ya taifa, TESDA, ili apate Cheti cha Taifa cha fani yake.

## Hatua tatu

Mafunzo yote hupita katika hatua tatu: maandalizi kabla ya kwenda kazini, kipindi chenyewe cha kazini, na tathmini baada ya kurudi.

Kiwango cha chini ni saa 80, sawa na siku 10 za kazi za saa 8. Kiwango cha juu ni saa 320, sawa na wiki 8 za saa 40. Shule huchagua mpangilio kulingana na mkondo, na mkondo wa ufundi ndio unaoelekea kupata saa nyingi zaidi.

Watu watatu hubeba wajibu mkubwa. Wa kwanza ni mratibu wa ushirikiano wa shule, anayetafuta taasisi za kuwapokea wanafunzi. Wa pili ni mwalimu wa mafunzo kazini, anayewaandaa wanafunzi na kuwafuatilia. Wa tatu ni msimamizi wa taasisi mwenyeji, anayewaongoza huko kazini. Shule na taasisi mwenyeji huandikiana hati ya makubaliano inayotaja kazi za kila upande, na mzazi au mlezi hutia saini fomu ya ridhaa kabla mtoto hajaondoka.

## Maandalizi kabla ya kwenda kazini

### Hati na maombi

Mwanafunzi hujifunza kwanza kuandika wasifu wake na barua ya maombi. Kijana wa miaka 17 kwa kawaida hana ajira ya kuorodhesha. Kwa hiyo hufundishwa kutaja masomo aliyofaulu, vifaa anavyoweza kutumia, shughuli za shuleni na kazi za nyumbani au za kujitolea zinazoonyesha kwamba anaaminika. Huelezwa pia asiandike jambo asiloweza kulithibitisha, kwa sababu mwajiri anaweza kuuliza.

Halafu hujifunza kuhusu hati zinazodaiwa na waajiri nchini humo: barua ya barangay inayothibitisha makazi na tabia njema, hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu, kibali cha ofisi ya meya na cheti cha daktari. Mtaala unataja ziara katika ofisi hizo, pamoja na ofisi ya mapato, ili mwanafunzi aone mwenyewe foleni, fomu na ada zake.

Gharama za hati hizo ni mzigo kwa familia yenye kipato kidogo. Mwaka 2019 ilipitishwa Sheria namba 11261 inayoondoa ada za hati nyingi za serikali kwa mtu anayetafuta kazi kwa mara ya kwanza. Anatakiwa kupata uthibitisho wa barangay kwamba kweli ni mara yake ya kwanza, na nafuu hiyo hutolewa mara moja tu.

### Usaili

Usaili hufanyiwa mazoezi darasani. Mwalimu au mgeni kutoka kampuni huigiza mwajiri, na wanafunzi wengine hutazama na kutoa maoni. Mambo yanayozoezwa ni kufika mapema, kuvaa mavazi safi na ya heshima, kusalimu, kukaa vizuri, kumtazama anayeuliza, kujibu swali lililoulizwa na kukiri bila woga pale asipojua. Mwanafunzi huandaa pia maswali yake mwenyewe: saa za kazi, mavazi, mtu atakayeripoti kwake, na kazi atakazopewa.

### Maadili na mwenendo

Sehemu hii ndiyo inayochukua nafasi kubwa katika maandalizi, na kwa kawaida hugusa mambo yafuatayo:

* Muda. Mwanafunzi hufika kabla ya saa ya kuanza na kujaza karatasi ya mahudhurio kila siku, akiandika saa ya kuingia na ya kutoka. Wafilipino wenyewe wana msemo wa utani wa "saa za Kifilipino" kwa watu wanaochelewa, na walimu huutumia kuonyesha kwamba kazini utani huo haufai.
* Taarifa. Akiugua au akipata dharura humjulisha msimamizi na mwalimu mapema. Kutoonekana bila taarifa huhesabiwa kuwa kosa kubwa kuliko kuchelewa.
* Simu. Simu huwekwa kando wakati wa kazi, isipokuwa kama kazi yenyewe inaihitaji.
* Mavazi na kitambulisho. Sare ya shule au mavazi yaliyokubaliwa huvaliwa pamoja na kitambulisho. Jikoni na karakana hutawaliwa na mavazi ya usalama, si ya mapambo.
* Mali. Karatasi, vyakula, zana na mashine za taasisi hazitumiwi kwa mambo binafsi.
* Kusahihishwa. Mwanafunzi huzoezwa kusikiliza anapokosolewa, kuuliza alipokosea na kurudia kazi bila kununa.
* Wateja. Mteja hasubirishwi ili mazungumzo ya wafanyakazi yaishe, na swali lisilojulikana jibu lake hupelekwa kwa mwenyeji badala ya kukisiwa.

Katika masomo ya ufundi hufundishwa pia utaratibu wa Kijapani wa 5S wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi. Utaratibu huohuo unajulikana Tanzania, hasa hospitalini, kwa maneno sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia.

### Usalama

Kabla ya kugusa mashine, mwanafunzi hujifunza kutambua hatari za fani yake. Mchomeleaji hujifunza kuhusu mwanga mkali, moto na moshi. Mpishi kuhusu visu, mafuta ya moto na sakafu yenye utelezi. Fundi umeme kuhusu kuzima mkondo kabla ya kushika nyaya. Wote hujifunza maana ya alama za tahadhari, mahali pa kizima moto na mlango wa dharura, na mtu wa kuarifiwa ajali inapotokea. Hilo lina uzito wa pekee katika nchi inayopigwa na vimbunga na matetemeko ya ardhi mara kwa mara.

Sheria namba 11058 ya mwaka 2018 kuhusu usalama na afya kazini inampa mfanyakazi haki ya kuelezwa hatari zilizopo na haki ya kukataa kazi yenye hatari ya karibu. Kanuni hiyo ni muhimu kwa kijana mgeni, ambaye kwa kutaka kusifiwa anaweza kukubali jambo ambalo mtu mzoefu angelikataa.

### Siri na taarifa binafsi

Mwanafunzi anaweza kuona majalada ya wagonjwa, akaunti za wateja, mishahara ya wafanyakazi au mapishi ya biashara. Hufundishwa kwamba anachokiona ofisini hakisimuliwi nyumbani wala hakiwekwi kwenye mitandao ya kijamii. Ufilipino ina Sheria ya Faragha ya Data, namba 10173 ya mwaka 2012, inayolinda taarifa za watu.

Suala la picha huleta utata. Mwanafunzi anatakiwa kuandaa jalada la kazi zake lenye picha, na wakati huohuo hapaswi kupiga picha ovyo. Njia inayofundishwa ni kuomba ruhusa ya msimamizi kwanza, kisha kuepuka nyuso za wateja, nyaraka na skrini za kompyuta.

### Haki na utatuzi wa migogoro

Mtaala unataka mwanafunzi ajue haki na wajibu wake kazini, na pia namna ya kushirikiana na kutatua migogoro. Hujifunza kutofautisha kutoelewana kwa kawaida, kunakoweza kumalizwa kwa mazungumzo, na jambo ambalo lazima liripotiwe mara moja, kama kupigwa, kutukanwa, kuguswa au kuambiwa maneno ya kingono, au kupewa kazi ya hatari. Hupewa majina ya watu wa kuwaendea: msimamizi kazini, mwalimu wake, mkuu wa shule na mzazi.

## Heshima na ukimya

Mwenendo mwema kazini hauwezi kufundishwa bila kugusa utamaduni. Katika lugha ya Kitagalogi heshima huonyeshwa kwa neno dogo *po*, linalowekwa ndani ya sentensi mtu anapozungumza na mkubwa wake, na kwa *opo*, yaani "ndiyo" ya heshima. Wafanyakazi wakubwa kwa umri huitwa *kuya*, kaka, na *ate*, dada, huku wakuu wakiitwa kwa maneno ya Kiingereza *Sir* na *Ma'am*. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulinganisha desturi hizo na shikamoo na marahaba.

Wataalamu wa saikolojia ya Kifilipino, hasa Virgilio Enriquez aliyeishi 1942 hadi 1994, waliandika sana kuhusu dhana kama *hiya*, yaani haya au soni; *pakikisama*, kwenda pamoja na wenzako; *utang na loob*, deni la shukrani; na *kapwa*, hali ya kumwona mwingine kuwa sehemu ya utu wako. Enriquez aliiona kapwa kuwa ndiyo kiini, na alipinga tabia ya kuzitazama dhana nyingine kijuujuu bila kiini hicho.

Kwa mwanafunzi anayekwenda kazini dhana hizo zina pande mbili. Hiya humfanya awe na adabu, lakini pia inaweza kumzuia kuuliza swali, hata kama hakuelewa maelekezo ya mashine. Pakikisama humsaidia kupokewa na wenzake, lakini inaweza kumfanya anyamaze akiona wizi au mzaha mbaya. Utang na loob humfanya ashukuru kwa kupewa nafasi, lakini inaweza kumfanya aone kwamba hana haki ya kulalamika dhidi ya taasisi iliyompokea.

Maandalizi mazuri hufundisha maneno ya kutumia katika hali hizo: jinsi ya kuuliza kwa heshima, kukataa kwa heshima na kutoa taarifa kwa heshima. Kijana anayejua kusema "samahani, po, sijafundishwa kutumia mashine hii" amepata ulinzi bila kumvunjia mtu heshima.

## Ulinzi wa kisheria

Mwanafunzi wa mafunzo kazini hahesabiwi kuwa mwajiriwa wa taasisi mwenyeji, na kwa kawaida halipwi mshahara. Baadhi ya taasisi humpa chakula au nauli kwa hiari yao. Hata hivyo, sheria kadhaa zinagusa hali yake:

* Sheria namba 9231 ya mwaka 2003 kuhusu ajira ya watoto inasema mtoto wa miaka 15 hadi chini ya 18 asifanye kazi zaidi ya saa 8 kwa siku na saa 40 kwa wiki, wala kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi.
* Agizo namba 149 la mwaka 2016 la Wizara ya Kazi linaorodhesha kazi za hatari ambazo mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuzifanya.
* Sheria namba 7877 ya mwaka 1995 inakataza unyanyasaji wa kingono unaofanywa na mwenye mamlaka katika ajira, elimu au mafunzo.
* Sheria namba 11313 ya mwaka 2019 ilipanua ulinzi huo hadi unyanyasaji unaofanywa na watu wa ngazi sawa, pamoja na ule wa mitaani na mitandaoni.

Mpaka wa saa za usiku unaonyesha ugumu wa kupanga mafunzo. Kiwanda cha mikate huanza kazi alfajiri na hoteli hufanya kazi usiku kucha, lakini mwanafunzi wa miaka 17 anaweza kushiriki tu katika sehemu ya zamu iliyo ndani ya saa zinazoruhusiwa. Ni wajibu wa shule kulieleza hilo kabla ya makubaliano kutiwa saini.

## Kipindi cha kazini na baada yake

Siku za kwanza mwanafunzi hutakiwa kuifahamu taasisi: aina ya biashara, bidhaa au huduma zake, wateja wake, muundo wa uongozi na kanuni zake. Baadaye hupewa kazi zinazolingana na alichosoma. Kila siku huandika katika daftari lake alichofanya, alichojifunza na alichoona kigumu. Mwalimu humtembelea na kuzungumza na msimamizi.

Anaporudi shuleni, mwanafunzi huwasilisha jalada lenye daftari hilo, karatasi za mahudhurio, picha zilizoruhusiwa, tathmini ya msimamizi na wasifu uliosahihishwa kwa kuongeza uzoefu mpya. Hulinganisha pia nadharia za darasani na alichokiona kazini. Wengine hugundua kwamba fani waliyoichagua haiwafai, na hilo nalo ni tunda la mafunzo, kwa kuwa limejulikana kabla ya kulipa ada ya chuo.

## Changamoto na ukosoaji

Mafunzo kazini yamekosolewa kwa sababu kadhaa. Ya kwanza ni muda: wiki 2 hazitoshi kumfundisha mtu kazi, na baadhi ya waajiri huona kwamba mwanafunzi huondoka anapoanza kuzoea. Ya pili ni mahali. Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, na shule nyingi za vijijini hazina hoteli, benki wala karakana karibu. Wanafunzi wa shule hizo hupangwa katika ofisi za barangay au shuleni kwao, hata kama fani yao ni nyingine.

Ya tatu ni aina ya kazi. Mwanafunzi anaweza kumaliza saa zake akitoa nakala za karatasi, akipanga majalada au akitumwa kununua chakula cha wafanyakazi. Kazi ndogondogo ni sehemu ya kila ofisi, lakini zikiwa ndizo pekee, mafunzo hupoteza maana. Kanuni za wizara zinalenga stadi za fani, mawasiliano na tabia njema ya kazi, na orodha ya kazi iliyokubaliwa mapema humpa mwalimu hoja ya kuzungumza na taasisi.

Ya nne ni gharama. Nauli, chakula na mavazi hulipwa mara nyingi na familia, na mwanafunzi anayefanya vibarua baada ya shule hupoteza kipato siku anazokuwa mafunzoni.

Wakati wa janga la UVIKO-19 madarasa yalihamia majumbani kuanzia mwaka wa shule wa 2020–2021, na mafunzo ya ana kwa ana kazini yalisimama. Shule zilitumia kazi za kuigiza, mihadhara ya mtandaoni na majalada. Makundi hayo yalihitimu bila kukanyaga mahali pa kazi, ingawa yalikuwa yamepitia mada za maandalizi.

Katika mwaka wa shule wa 2025–2026 wizara ilianza kujaribu mtaala mpya wa sekondari ya juu katika baadhi ya shule. Mtaala huo unapunguza masomo ya lazima hadi 5 na mikondo hadi miwili, mmoja wa kitaaluma na mwingine wa ufundi.

## Katika nchi nyingine

Nchi nyingi zina mipango inayofanana. Nchini Ujerumani wanafunzi wa sekondari huenda kazini kwa muda wa wiki 2 au 3, kwa kawaida kati ya darasa la 8 na la 10, kwa kanuni zinazotofautiana kati ya majimbo. Nchini Uingereza wajibu wa kisheria wa shule za England kutoa mafunzo yanayohusu kazi kwa wanafunzi wa miaka 14 hadi 16 uliondolewa mwaka 2012, baada ya ripoti ya mwaka 2011 ya profesa Alison Wolf iliyoshauri kwamba uzoefu wa kazini unawafaa zaidi vijana wa miaka 16 hadi 18.

Kenya ilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi mwezi Januari 2026, wakigawanyika katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kama ilivyokuwa Ufilipino miaka 10 kabla yake, kundi hilo la kwanza linasoma katika mfumo ambao waajiri bado hawajawapokea wahitimu wake.